Mdogo wangu anamaliza soba, mama ameshamnunulia kitanda

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku wa manane, maana mchana nyumba yetu haina pa kujificha hata dakika kumi.

Naishi Temeke, nimeolewa, nina watoto wawili, nauza vitenge. Ninayekuandikia habari zake ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana miaka 29. Ni fundi wa kupiga rangi magari, na kabla ya unga, yaani heroini, kuna watu walikuwa wanatoka Mbezi kuja kumfuata yeye. Alianza kwa kuvuta, unga umechanganywa kwenye bangi, hapohapo gereji. Baadaye akawa anajidunga. Hadithi hizi umezisikia, sitakuchosha: mtungi wa gesi wa mama ulikwenda, pasi ikaenda, na vitenge vyangu doti kumi na nne nilivyochukua kwa mkopo vikaenda. Baba alifariki akiwa hasemi naye.

Tumejaribu mara tatu. Mara ya kwanza mama alimfungia chumbani. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilimshika siku ya pili, akawa anatapika, anaharisha, anagonga kichwa ukutani. Usiku wa tatu aling'oa dirisha akaondoka. Mara ya pili tulimpeleka soba hausi, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, akakaa wiki sita. Alinenepa, akaanza kucheka, mama akasema basi, mwanangu amepona, akaenda kumtoa. Siku ya tisa tulimkuta kwenye choo cha jirani. Midomo imebadilika rangi, anakoroma kama mtu aliye katika usingizi mzito. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nikiwa nimemkumbatia kwa nyuma asidondoke, hospitali wakamuwahi. Sijasahau uzito wake siku ile.

Mara ya tatu ndiyo hii. Yuko soba Kigamboni, ana miezi mitano na wiki tatu, hajagusa kitu. Programu yao ni miezi sita. Wiki mbili zilizopita msimamizi alituita, akasema kwa hali ya mdogo wangu asingeshauri arudi nyumbani moja kwa moja. Wana nyumba nyingine ndogo, hukohuko Kigamboni, wanaiita hatua ya pili. Wanakaa vijana sita waliomaliza. Asubuhi kila mtu anakwenda kwenye shughuli zake, wanachangia kodi na chakula, saa moja jioni wote wawe ndani, usiku wana mkutano wao, na siku yoyote wanaweza kupimwa mkojo. Ameshatafutiwa kazi ya kuosha magari.

Mama amekataa katakata. Anasema mwanangu si yatima, kwao kupo, kwa nini akapange na watu asiowajua? Ameshapaka rangi kile chumba, ameshanunua kitanda na godoro jipya. Baba mdogo naye kasema neno ambalo sijui hata nilijibu vipi: "Kama amepona arudi. Kama hajapona, hizo laki mbili za kila mwezi tumelipia nini?" Halafu kuna suala la kiwanja cha baba cha Mbagala, kimeuzwa, fungu la mdogo wangu ni shilingi milioni saba. Baba mdogo anataka akabidhiwe mkononi siku akitoka, afungue gereji yake, ajisikie mwanaume, aoe.

Shangazi, kutoka mlangoni kwa mama hadi maskani wanapouzia, chai haipoi njiani.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumapili ile tulipokwenda kumwona, mama alipoinuka kwenda kusalimia wenzake, mdogo wangu alinishika mkono akaninong'oneza: "Dada, usiwaache wanichukue." Mama aliporudi, mdogo wangu akaanza kuongea habari za mpira.

Mume wangu hataki aje kwetu, na simlaumu. Je, nikisimama upande wa hatua ya pili nitakuwa namfukuza ndugu yangu kwao? Atakaa huko mpaka lini? Hela nifanyeje? Na nimesikia akianguka tu wanamtoa siku hiyohiyo, sasa hiyo ni nyumba ya namna gani?

Dada Mkubwa, Temeke

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale kwenye ule mnong'ono. Mtu aliyetumia unga kwa miaka hujifunza kuomba kwa uongo. Ataomba nauli, ataomba hela ya dawa ya kichwa, ataapa kwa kaburi la baba yake. Lakini ombi hili alilokunong'oneza halimpi hata shilingi. Linamkosesha chumba kilichopakwa rangi, mapishi ya mama yake na milioni saba. Mimi nalipokea kama neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa na familia yenu mwezi huu. Kijana wenu anaijua hatari yake, na amekuchagua wewe umsemee.

Kwa hiyo aende hatua ya pili. Ningekuwa karibu ningekuja kukusaidia kulisema mbele ya wazee.

Kinachonitisha zaidi ni zile siku tisa, kwa sababu naona mnazihesabu kama bahati mbaya. Hazikuwa bahati mbaya. Mwili wa anayetumia heroini kila siku huizoea. Kiasi kinachomtuliza yeye kingeniua mimi hapa nilipokaa. Akiacha kwa wiki kadhaa, mazoea yale yanamtoka. Kichwani, hata hivyo, kipimo cha zamani bado anakikumbuka. Siku akirudi anaweka kilekile alichokuwa anaweka, na mwili alionao si ule tena. Heroini inakandamiza ile sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi. Anaanza kukoroma, pumzi zinakuwa chache, midomo inabadilika rangi, halafu kimya. Ndiyo maana wanaotoka gerezani, hospitalini au soba wamo katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kuzidisha dozi katika wiki zile za mwanzo kuliko hata wale walioko maskani wakitumia kila siku. Mlichokiona kwenye choo cha jirani kilikuwa hicho. Alikuwa na wiki sita tu za usafi. Sasa ana karibu miezi sita.

Nilimzika mtoto wa dada yangu kwa njia hiyo. Siku anatoka tulimpikia pilau, tukaalika majirani. Wiki ya tatu majirani walewale walikuwa wamekaa kwenye mikeka yetu. Hakuna aliyekuwa ametueleza habari hii ya mazoea ya mwili, na sisi tulidhani afya aliyoirudisha ndiyo kinga yake.

Baba mdogo anauliza laki mbili za kila mwezi mmelipia nini. Ni swali halali, na anayetoa fedha ana haki ya kujibiwa. Mmelipia kijana kukaa mbali na kete za unga muda wa kutosha ubongo utulie, alale usingizi wake mwenyewe, ale, ajifunze kusema yanayomsibu bila kukimbilia sindano. Hayo ameyapata akiwa ndani ya ukuta, ambako hakushika hela, hakuwa na simu, hakupita mbele ya muuzaji. Alichokuwa hajajaribu ni Ijumaa jioni akiwa na ujira mfukoni. Hajajaribu kugombana na bosi saa nane mchana, wala kukutana barabarani na rafiki wa zamani anayemwita kwa jina lake la kijiweni. Harufu ya thina tu, kwa fundi rangi aliyeanzia gereji, inaweza kumwamshia hamu ambayo hata yeye hakujua kama bado ipo.

Ile nyumba ndogo ya vijana sita kazi yake ni hiyo. Inamwachia mlango wazi asubuhi na kumsubiri jioni. Akichelewa, kuna watu watano wanaojua kwa nini mtu kama yeye huchelewa, na wanaijua sura yake akiingia. Mama anampenda kuliko watu wote duniani, lakini mama alidanganywa miaka mingi, na atadanganywa tena kwa sababu anataka kuamini. Mwenzake aliyetumia unga miaka tisa hadanganyiki kirahisi hivyo. Halafu kuna hili la kuchangia kodi. Usilione dogo. Mtu aliyekuwa anaiba pasi ya mama yake, leo anaweka mezani hela ya mchele na maharage aliyoitafuta kwa kuosha magari, mbele ya wenzake wanaohesabu. Heshima inayomrudia hapo hakuna mzazi anayeweza kumpa.

Jambo hili lina historia, na mwambie baba mdogo, kwa kuwa yeye anapenda hesabu. Mwaka 1975 huko Silver Spring, katika jimbo la Maryland, Marekani, nyumba ya namna hii ya walioacha pombe ilikuwa inafungwa kwa kukosa fedha. Wakazi wenyewe wakaamua kuipanga na kuiendesha bila msimamizi wa kulipwa: kila mtu anachangia gharama, mambo yanaamuliwa kwa kura, anayetumia anatoka. Wakaiita Oxford House, na nyumba za mfano huo zikaenea. Baadaye watafiti wa Illinois waliwachukua watu 150 waliokuwa wanamaliza matibabu, nusu wakapelekwa kwenye nyumba hizo, nusu wakarudi kwenye utaratibu wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wanatumia tena katika kundi la kawaida walikuwa karibu 65 katika kila 100. Katika kundi la nyumba walikuwa 31. Kipato cha mwezi cha wale wa nyumba kilikuwa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Wale ni Wamarekani na maisha yao si yetu, najua. Lakini chambo kinachomvuta mtu ni kilekile, awe Chicago au Temeke, na aliye peke yake usiku ndiye anayemezwa.

Hata hivyo usiniamini mimi wala msimamizi kabla hujaenda kuiona nyumba yenyewe. Usiende Jumapili ya wageni. Nenda siku ya kazi, saa kumi na mbili jioni, watu wakianza kurudi. Angalia jikoni kama kumepikwa. Uliza aliye kiongozi wa nyumba ana muda gani akiwa safi. Uliza kama nyumba inatambuliwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uoneshwe karatasi. Uliza fedha za vijana zinashikwa na nani, na kama zinaandikwa. Ukiona mlango unafungwa kwa nje, ukiona mnyororo au ukisikia habari za fimbo, geuka uondoke na mdogo wako, maana kipigo hakijawahi kumtibu mraibu yeyote.

Na jambo moja watu wanalisahau: mdogo wako alijidunga. Kama hajapima virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kifua kikuu, apime sasa akiwa katulia, na nyumba iwe ni ile inayomruhusu mtu kunywa dawa zake bila kunyooshewa kidole.

Sasa lile la kumtoa siku akianguka. Nyumba ya watu sita walioacha haiwezi kukaa na mmoja anayetumia. Kete moja chumbani ni hatari kwa wote, wala sheria hiyo usiione ni ukatili. Ila kuna kumtoa na kuna kumtupa. Nyumba nzuri inapomtoa mtu inajua inampeleka wapi: anarudishwa hatua ya kwanza, au anapelekwa hospitali, na ndugu wanapigiwa simu saa hiyohiyo, usiku au mchana. Muulize msimamizi mbele ya mdogo wako: "Akianguka saa nne usiku, mtafanya nini?" Akijibu kwamba atafungiwa geti na mengine ni juu yake, hapo sikubaliani naye hata kidogo, na ningemwambia.

Mkubaliane sasa hivi, wakati kila mtu ana akili timamu, kwamba akianguka hatukanwi, hapigwi, na hafichi. Mwenye kuficha ndiye anayejifungia chooni peke yake. Wote nyumbani, hadi mwanao mkubwa, wafundishwe dalili: koromo lisilo la kawaida, mboni za macho zimesinyaa kama nukta, midomo na kucha zimebadilika rangi, ukimwita haitiki. Mlazeni ubavu, mumpeleke hospitali mbio, na mseme ukweli kwa daktari kwamba ni heroini, kwa sababu ipo sindano ya naloksoni inayoweza kuirudisha pumzi ndani ya dakika chache. Msimnyweshe maziwa. Msimmwagie maji mkakaa kusubiri.

Na kama ataanguka tena na tena, msione haya kumpeleka kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini. Nchi yetu ilianza huduma hiyo Muhimbili Februari 2011, wakati karibu nchi zote za jirani hazijaanza, kisha ikafika Mwananyamala na hapo kwenu Temeke. Haitozwi. Kila siku mtu anakwenda kliniki, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaondoka kwenda kazini. Nawasikia wanaoiita unga wa serikali, hata baadhi ya walioacha wanawasema vibaya wenzao wanaoinywa, na linaniuma sana. Unga unampa mtu saa chache halafu arosto inamkimbiza atafute tena, aibe tena. Methadoni iliyopimwa vizuri inamshikilia zaidi ya siku nzima, haimleweshi, na sindano inaisha. Ikichanganywa na pombe au valiamu inakuwa hatari, na dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huipunguza nguvu, kwa hiyo daktari ajue kila anachomeza. Leo mdogo wako hahitaji, yuko safi, na mtu hapewi methadoni kwa tahadhari. Nakuambia ili mjue kwamba nyuma ya hatua ya pili kuna mlango mwingine, hakuna ukuta.

Milioni saba. Hela ni yake, baba yake ndiye aliyemwachia, na asije mtu akajifanya kumlinda huku anaila. Anzeni hapo, mliseme kwa sauti ili alisikie. Kisha mumuulize yeye mwenyewe anataka itunzwe vipi, nina hakika atawashangaza. Vijana wengi walioko katika hali yake wanaiogopa fedha taslimu kuliko sisi tunavyowaogopea. Akiridhia, iwekwe kwenye akaunti ambayo haitoki bila saini mbili, ya kwake na ya kwako, muandikishane mbele ya baba mdogo na mjumbe wa nyumba kumi. Sehemu ndogo ilipie mchango wake wa nyumba kwa miezi ya mwanzo, ilipwe moja kwa moja. Kompresa na vifaa vya rangi vitanunuliwa siku atakapojiona anaweza kusimama kwenye harufu ile bila kutetemeka, na pengine siku hiyo isifike, akawa fundi wa kitu kingine. Habari za kuoa mziache kwanza. Binti wa watu si dawa.

Mpaka lini? Usimwekee tarehe, maana tarehe ndiyo iliyowaponza mara ya pili. Wiki sita zilikwisha, mkamtoa. Angalieni mambo yenyewe: amekaa na mshahara wake wa miezi kadhaa bila kuyumba? Amepata siku mbaya kweli, akampigia mtu simu badala ya kwenda maskani? Ana watu wake wa mkutano anaowaendea hata bila kusukumwa? Mimi nisingeshangaa akikaa mwaka. Na akitoka huko, si lazima arudi kwenye kile chumba. Kijana wa miaka 30 kupanga chumba chake mtaa mwingine ni jambo la kawaida kabisa, na ninyi mnaishi na maskani mlangoni.

Mume wako yuko sahihi, na nimefurahi kwamba humlaumu. Mna watoto. Mwombe jambo moja tu, akuruhusu kwenda Kigamboni kila Jumapili bila manung'uniko, na siku moja aongozane nawe. Shemeji akimpa mkono, kijana ataliongelea wiki nzima.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu yeye ndiye mwenye uchungu. Neno lake kwamba mwanangu si yatima linanigusa, na usilijibu kwa takwimu za Marekani. Mama anasikia kwamba nyumba yake imekataliwa. Miaka yote hii ameona aibu mtaani, ameibiwa, ameitwa mama teja, na sasa ambapo angeweza kumtembeza mwanawe mbele ya watu walewale akiwa amenawiri, mnamwambia bado. Usimwambie peke yako. Mwombe msimamizi akutanishe wote chumba kimoja, wewe, mama, baba mdogo na mdogo wako, na mapema siku moja kabla, mwambie mdogo wako kwamba utamsindikiza lakini lile neno lazima alitamke yeye. Akishindwa, wewe umshike mkono kama alivyokushika, na ulitamke mbele yake kwa idhini yake. Mama akilisikia kutoka kinywani mwake, kwamba anaogopa kurudi na anachokiogopa si yeye mama, hasira itakwisha hata kama machozi hayataisha siku hiyo.

Kisha mumpe mama kazi. Mama asiye na kazi ya kumfanyia mwanawe atarudi tu kumchukua, hata ingekuwa usiku. Kile kitanda asikiuze na asikae kukitazama. Uliza kama hatua ya pili wanapokea kitanda cha mtu. Wakikubali, kodini kirikuu, kipakieni na godoro lake, mvuke daraja la Kigamboni mkiwa na mama kiti cha mbele. Shuka amtandikie yeye mwenyewe.